Nilinunua Karatasi Kwanza, Gari Likafuata

Gari langu nililiona kwa macho kwa mara ya kwanza tarehe 27 Desemba 2024, jijini Dar es Salaam, likiwa limefunikwa vumbi na chumvi ya bahari, na namba ya shehena imeandikwa kwa kalamu nyeupe kwenye kioo cha mbele. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimekwisha kulilipia bei, nauli ya meli na kodi, nilikuwa nikijua namba yake ya chesisi kwa moyo, na nilikuwa na faili lenye karatasi 14 zinazolihusu. Kwa kazi mimi ni mhasibu wa shule moja mjini Morogoro, na huenda ndiyo sababu jambo hili halikunishinda: kumbe kununua gari kupitia dalali wa mtandaoni ni kazi ya kusoma karatasi zaidi kuliko kazi ya kujua magari.

Nilipoanza kulizungumza wazo hili nyumbani, aliyelipinga kwa nguvu zote alikuwa mjomba wangu, ambaye aliendesha malori ya njia ya Tunduma kwa miaka mingi na ambaye katika ukoo wetu hakuna anayenunua hata pikipiki bila kumshirikisha. “Mwanangu,” aliniambia, “gari hununuliwa kwa macho, masikio na pua. Wewe unataka kununua picha.” Nilimjibu kwa adabu kwamba hata mwenye yadi pale Magomeni analinunua kwa picha kutoka Japani kama nitakavyofanya mimi, kisha anatuongezea faida yake juu. Mjomba alinyamaza, lakini sikudhani hata kidogo kwamba amekubali.

Nieleze kwanza neno “jipya”, kwa sababu msomaji wa nchi nyingine anaweza kupotea. Kwetu gari jipya si lazima liwe limetoka kiwandani. Ni gari ambalo halijawahi kukanyaga barabara za Tanzania, ambalo mmiliki wake wa kwanza hapa nchini ni wewe, na ambalo litafungwa namba ya herufi za karibuni ili majirani wasome wenyewe kwamba halikutoka mkononi mwa mtu. Kwamba lilikwisha kutembea miaka kumi huko Nagoya au Sendai halilipunguzii upya wake. Tunaagiza Japani kwa sababu wao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia, na pia kwa sababu Wajapani huyaacha magari yao mapema. Gari dogo la abiria likitimiza miaka mitatu tangu liuzwe jipya hulazimika kupita ukaguzi wa serikali uitwao shaken, na baada ya hapo ukaguzi huo hurudiwa kila miaka miwili. Ukijumlisha matengenezo, bima ya lazima na kodi ya uzito, wengi huona ni nafuu kuliuza na kuchukua jingine. Gari hilo huingia mnadani, na minada yenyewe ni mikubwa mno: mnada wa USS Tokyo, ambao kwa hakika uko Noda katika mkoa wa Chiba, hupitisha maelfu ya magari kwa siku moja ya juma.

Dalali niliyemtumia sitamtaja kwa jina, kwa kuwa sikusudii kumtangaza wala kumchafua. Yeye hana magari yake mwenyewe. Ana soko la mtandaoni ambamo wauzaji wengi wa Japani huweka magari yao, na kazi yake ni kukuunganisha na muuzaji, kupokea fedha zako na kuzishikilia mpaka muuzaji athibitishe kwa hati kwamba gari limepakiwa melini. Kushikilia fedha huko ndiko kulikonivuta. Kabla ya kumpata nilikuwa nimekaribia kunaswa na tovuti nyingine, yenye picha nzuri na bei za karibu nusu ya bei za wenzao, ambayo ilinitumia akaunti ya benki yenye jina la mtu binafsi, tena katika nchi isiyo Japani, huku ikinihimiza nilipe kabla ya Ijumaa. Mhasibu akiona ankara ya kampuni na akaunti ya mtu binafsi, hahitaji kuambiwa zaidi. Tangu hapo nikawa natafuta jina la kila muuzaji katika orodha ya wanachama wa JUMVEA, ambacho ni chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika wa Japani, kabla hata sijatazama picha ya gari.

Nilichokitaka ni Toyota Passo ya injini ndogo, ile ya cc 996. Si kwamba naipenda sana sura yake. Ushuru wa bidhaa hapa kwetu hutazama ujazo wa injini: gari lisilozidi cc 1000 halitozwi kwa kigezo hicho, lenye zaidi ya cc 1000 hadi 2000 hutozwa asilimia 5, na linalozidi hapo asilimia 10. Waliotengeneza injini ile ya silinda tatu hawakuwa wakiifikiria Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), lakini zile cc 4 walizozibakiza zimenisaidia.

Gari la kwanza nililolichagua lilikuwa la rangi ya fedha, safi, na ukurasa wake ulisema “2014/02”. Nililipenda. Nilikuwa nimeingiza mwaka 2014 katika kikokotoo cha kodi ambacho TRA imekiweka kwenye tovuti yake, nikaona kiasi ambacho ningekimudu, na nilibakiza kubonyeza tu. Kilichonizuia ni kisanduku kidogo chini ya ukurasa, ambacho kilipaswa kuonyesha mwaka wa kutengenezwa nacho kilikuwa kitupu. Ile “2014/02” ilikuwa tarehe ya gari kusajiliwa Japani kwa mara ya kwanza. Gari linalosajiliwa Februari linaweza kabisa kuwa limetoka kiwandani mwaka uliotangulia, na forodha yetu huhesabu umri kwa mwaka wa kutengenezwa.

Hapa naomba msomaji anivumilie nihesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapolia. Gari dogo la abiria likiwa na miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka kumi huongezewa asilimia 30. Tuchukue kila shilingi 100 za thamani ya gari pamoja na bima na nauli hadi Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kwa hiyo tunafika 125. Asilimia 15 ya hiyo 125 ni 18.75, tunafika 143.75, kisha VAT ya asilimia 18 inaongeza karibu 25.90. Jumla ya kodi hizo tatu ni takriban shilingi 70 kwa kila 100. Sasa badilisha 15 iwe 30, uhesabu upya: unapata takriban 92. Bado hujaweka tozo ya maendeleo ya reli, ada ya kuchakata nyaraka za forodha na gharama za usajili. Mwezi mmoja au miwili ya tofauti huko kiwandani, usiyoiona kwenye picha yoyote, inabeba shilingi 22 katika kila 100. Tena thamani inayotumika si lazima iwe ile uliyolipa, kwa kuwa TRA ina hifadhidata yake ya thamani za magari, na bei uliyojadiliana kwa ustadi na muuzaji inaweza isikusaidie chochote mezani pao.

Nilimwandikia muuzaji kupitia kwa dalali nikauliza mwaka wa kutengenezwa. Akajibu: 2014/02. Nikaandika tena, nikimweleza kwa upole kwamba hiyo ni tarehe ya usajili, na kwamba naomba mwezi wa kiwandani kwa kufuata namba ya chesisi. Zilipita siku mbili. Jibu likaja: Desemba 2013. Hakuomba radhi wala hakuona kosa, na kwa haki sidhani kama alinidanganya, kwa sababu kwa Mjapani gari huanza kuishi siku linaposajiliwa. Lakini ningalipa bila kuuliza, kosa lingekuwa langu na bili ingekuwa yangu.

Niliachana nalo. La pili lilikuwa la buluu iliyoiva, lilisajiliwa Agosti 2014 na kutengenezwa Julai mwaka huohuo, na bei yake ilizidi ile ya kwanza kwa dola 180. Safari hii niliomba karatasi ya mnada kabla ya jambo jingine lolote. Karatasi hii hujazwa na mkaguzi wa mnada, ambaye hamjui muuzaji wala mnunuzi, na kwa maoni yangu ndiyo karatasi yenye ukweli mwingi kuliko zote utakazozishika. Pembeni ina mchoro wa gari lililopasuliwa na kutandazwa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani, na juu ya mchoro huo zimetawanywa herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Juu kabisa huwekwa daraja la gari zima, na daraja likiandikwa R badala ya namba ujue lilipata ajali ya kugusa mwili wake mkuu likatengenezwa. Langu lilikuwa na daraja la 4, ndani likapewa B, na kwenye mchoro kulikuwa na A1 tatu pamoja na U1 moja kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Hapakuwa na W hata moja. Mwaka ulikuwa umeandikwa “26”, nikashtuka, mpaka nilipokumbuka kwamba Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao, na mwaka wa 26 wa enzi ya Heisei ndio 2014.

Kwa upande wa kilomita sikutegemea dashibodi pekee. Gari likishanunuliwa kwa ajili ya kusafirishwa nje, usajili wake Japani hufutwa na hutolewa cheti cha kusafirisha, ambacho pamoja na mambo mengine huonyesha kilomita zilizosomwa siku ya shaken ya mwisho. Cheti cha gari langu, kilipokuja, kilisema kilomita 57,400 mwezi Agosti 2023, na dashibodi ya Septemba 2024 ilisoma 61,000 na ushei. Mwenye gari yule, awaye yote, alikuwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi.

Malipo yalinitoa jasho kwa namna nisiyoitarajia. Jumla hadi bandari ya Dar es Salaam, bima na nauli ndani yake, ilikuwa dola 2,940. Mwaka 2024 dola zilikuwa adimu nchini, na benki yangu ilipokea ankara ya awali ya muuzaji, ikaipiga mhuri, kisha ikaniambia nisubiri. Nilisubiri siku tisa, huku ankara yenyewe ikiwa ya siku saba, hivyo nikalazimika kuomba iandikwe upya. Nilinunua kila dola kwa zaidi ya shilingi 2,700. Kabla ya Krismasi ya mwaka huohuo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Nimeshaacha kuipiga hesabu hiyo, kwa ajili ya usingizi wangu. Jambo moja la kuwaambia wenzangu ni kwamba siku mbili kabla ya kulipa nilipata barua pepe iliyojifanya imetoka kwa dalali, ikisema akaunti ya kampuni imebadilika. Nilipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye tovuti, si ile iliyokuwa kwenye barua pepe, nikajibiwa kwamba hakuna kilichobadilika.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kusubiri meli. Gari lilipakiwa Yokohama mapema Novemba, katika meli ya magari ambamo kila gari huingizwa kwa kuendeshwa na hutolewa kwa kuendeshwa, nami nikatumiwa nakala ya hati ya shehena, ambayo mawakala wetu huiita BL tu. Ndipo wakala wa forodha niliyempata kwa kuelekezwa na mwalimu mmoja wa shuleni kwetu, mama mmoja makini wa Dar es Salaam, aliponiuliza kwa simu swali lililonikata maini: “Dada, meli inafika lini? Maana ikivuka mwaka, hili gari lako la 2014 linakuwa na miaka kumi na moja.” Nilikuwa nimeihepa ile asilimia 30 kwa dola 180 na barua pepe nne, na sasa ilikuwa ikinifuata kwa njia ya baharini.

Ilitarajiwa kufika tarehe 2 Desemba. Nilikuwa nikiifuatilia kila usiku katika tovuti inayoonyesha meli za dunia nzima, ambako meli yangu ilikuwa mshale mdogo unaotambaa juu ya rangi ya buluu. Singapore ilikaa siku nne. Katikati ya Bahari ya Hindi mshale ukatoweka kwa siku kadhaa, kwa kuwa huko hakuna mnara wa kuipokea ishara yake. Ukaibukia karibu na Mombasa, ukatulia hapo, nami nikawa nawachukia kwa siri Wakenya wote wenye magari ndani ya meli ile. Mama wakala hakusubiri: alikuwa amekwisha kuwasilisha tamko la forodha kabla meli haijafika, akiwa na namba yangu ya TIN na nakala za karatasi zote, na makadirio yakatoka kwa umri wa miaka kumi. Meli ilifunga gati tarehe 18 Desemba. Niliilipa kodi siku iliyofuata asubuhi, wa kwanza kwenye foleni ya benki, na nadhani sijawahi kulipa kodi kwa furaha kama ile.

Yaliyofuata bandarini yalikuwa ya kawaida na sitayarefusha: idhini ya wakala wa meli, ukaguzi, gharama za bandari, usajili, vibao vya namba. Mama wakala alinidai ada tuliyokubaliana bila kuongeza senti, jambo ambalo nimeambiwa ni la kushukuru. Jeki haikuwamo chini ya buti. Ilikuwamo kwenye picha za Japani, lakini kati ya Yokohama na Dar es Salaam gari hupita mikononi mwa watu wengi, nami sikuona aliyeichukua, hivyo nilinunua nyingine Ilala nikaendelea na safari.

Njiani kurudi Morogoro niligundua kwamba redio haikamati stesheni zetu nyingi, kwa sababu masafa ya FM ya Japani huanzia 76 na redio hiyo iliishia 90, na nyingi za stesheni zetu ziko juu ya hapo. Tena kila nilipowasha gari, sauti ya mwanamke ilinieleza jambo kwa Kijapani kwa heshima kubwa. Kwa juma zima nilidhani ananionya kuhusu injini. Baadaye kijana wa kufunga redio alinifafanulia kwamba anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, kadi ambayo hatutakuwa nayo kamwe kati ya Mikese na Chalinze. Kijana aliuliza kama akizime kifaa hicho. Nilimwambia akiache.

Mjomba alikuja siku ya mwaka mpya. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, akainama kutazama chini, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa, akawasha injini na kusimama kando akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kisima. Kisha akauliza kama kuna mahali lilipogongwa. Nilimletea karatasi ya mnada na kumweleza maana ya zile herufi. Aliivaa miwani yake, akaisoma polepole, akaigeuza ili mchoro uelekee upande ulioelekea gari, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa kushoto na kuupapasa kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeutafuta mbonyeo ule siku tatu nisiuone. Kiganja chake kilisimama juu kidogo ya kitasa.

“Huu hapa,” alisema. “U moja.”